Ngiri ya Adalbert na Uchunguzi wa Bei Rahisi

Virginie wa mtaa wa Kamalondo hakuwa na heshima kwa mwanaume yeyote anayefunga tai kabla ya jua la saa sita. Padri alimheshimu, lakini padri hafungi tai. Wengine wote aliwaona ni watu wenye jasho wanaotaka kuitwa bwana.

Alikuwa akiuza munkoyo uani kwake, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, chenye uchachu wa kumwamsha mtu na utamu wa kumkalisha. Baba yake alishuka kutoka kaskazini, upande wa Kabalo, wakati wa kutandaza relwe, njia ya treni, akatandaza mpaka mgongo ukakataa. Masista walimfundisha binti kusoma, kushona na kunyamaza. Kusoma alijua, kushona pia. Mume naye alimpata, akamchunguza miaka kadhaa, kisha Virginie akamrudisha mwanaume huyo kwao Kambove pamoja na sanduku lake. Watoto hawakupatikana. Kilichobaki kilikuwa mdogo wake, Adalbert, ambaye kwa umri alikuwa mwanaume mzima mwenye mvi, na kwa akili bado alihitaji kufungwa kamba za viatu.

Zilikuwa siku zile Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake. Bendera mpya yenye misalaba ya shaba, franga mpya, stampu mpya, na askari wapya waliovaa kofia kubwa kuliko vichwa. Virginie aliviangalia vyote kama mtu anavyoangalia mlevi aliyevaa suti ya kaka yake. Askari wa Katanga walipita asubuhi wakamwambia wamekuja kumlinda. Askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, walipita jioni wakamwambia hivyo hivyo.

"Kunilinda na nani?" aliuliza.

"Na bale bengine," walijibu wote, kila kundi kwa zamu yake.

Sasa Adalbert alikuwa na ngiri. Alifanya kazi ya kuinua vyuma kwenye karakana ya relwe, na ngiri ni ugonjwa ambao wanaume wa relwe huutembeza kama mwizi anavyotembeza kuku: mkono mmoja mfukoni, uso umetulia. Adalbert aliutembeza hivyo miaka mingi. Siku alipoinama kuchukua kikombe cha munkoyo akashindwa kuinuka, Virginie alimsindikiza hospitali kwa masimango, kuanzia mlangoni mpaka ng'ambo ya tuneli ya relwe.

Hospitali ile ilikuwa na daktari Mzungu, mrefu, mwembamba, asiyemaliza sentensi wala kikombe cha kahawa. Watu walimwita Munganga Mbio. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamwona mapema, unamkwepa. Huyu alikuwa mtu mwema mwenye wazo moja, na mtu wa namna hiyo anakugonga ukiwa unamsalimia.

Wazo lake aliliita letidi, yaani uchunguzi. Zamani mgonjwa wa ngiri alilazwa kwa dawa ya usingizi, akapasuliwa, akabaki kitandani akila chakula cha hospitali mpaka mshono ukauke. Munganga Mbio alisema hayo ni matumizi ya bure. Yeye alichoma sindano ya ganzi mahali penyewe tu, akampasua mtu macho wazi, na kesho yake mtu akaenda kwake kwa miguu. Lakini alitaka kuwaonyesha wenzake wa Ulaya kwamba njia hiyo ni ya bei rahisi na haina hatari. Basi wagonjwa wa ngiri waligawanywa: mmoja anabaki kitandani, anayemfuata anarudi nyumbani, mmoja anabaki, anayemfuata anarudi, kama watoto wanaogawana vipande vya muwa. Halafu hospitali ingelinganisha pamba, sabuni, dawa na siku za kitanda, na kuona nani amepona, nani hakupona.

Adalbert aliangukia kundi la kurudi nyumbani. Virginie hakuichukia sindano. Hakuwa mjinga wa kukataa kitu kizuri kwa sababu tu kimeshikwa na mtu asiyempendeza. Adalbert mwenyewe alisema hakusikia zaidi ya kuvutwavutwa kama gunia. Upumbavu ulikuwa mahali pengine.

Kwanza, hesabu yenyewe. Sabuni ya hospitali iliingia kwenye hesabu, ila sabuni ya Virginie ya kufulia vitambaa vya kidonda haikuingia. Kitanda cha hospitali kilikuwa na bei. Kitanda cha Virginie, ambacho mgonjwa alikilalia huku mwenye kitanda akijikunja kwenye mkeka kando ya mitungi, hakikuwa na bei yoyote. Na wateja? Nani atakunywa munkoyo kwenye ua unaoanikwa vitambaa vyenye damu? Wakaanza kupita na kusalimia kwa mbali, kama watu wanaopita msibani kwa mtu wasiyemjua. Hiyo ndiyo bei rahisi aliyoigundua Munganga Mbio: alikuta mzigo mabegani mwake akauweka kichwani kwa mwanamke wa Kamalondo, kisha akashangaa jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa mwepesi.

Pili, alikuwapo Anaclet.

Anaclet alikuwa mwuguzi, mtoto wa Kamalondo, mama yake aliuza mihogo mitaa miwili kutoka kwa Virginie. Alikuwa na tai, baiskeli, na Kifaransa cha kusafishia meno. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia waliopasuliwa, kuwauliza hali, na kumpelekea daktari jibu. Munganga Mbio alikuwa amemwahidi kwamba taarifa ikienda Ulaya, jina la Anaclet litakuwamo mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo. Kwa ajili ya herufi hizo Anaclet alitembea kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko.

Alipofika mara ya kwanza, nyumba ilifanya kama nyumba yoyote ya Kamalondo inavyofanya. Kiti kizuri kilitolewa. Adalbert, ambaye nusu saa nyuma alikuwa analalamika chini ya blanketi, alivaa shati jeupe, akachana nywele, akakalishwa wima. Munkoyo uliletwa.

"Muko bazima?" Anaclet aliuliza.

"Tuko bazima, munganga," Adalbert alijibu. Mwuguzi kuitwa munganga! Tai ya Anaclet ilipanda yenyewe.

"Na fasi ya operasio?"

"Niko muzima, munganga. Asante sana. Umusalimie docteur. Ule muntu alinishika mukono!"

Na ni kweli, alimshika mkono, mbele ya Wazungu wengine. Tangu siku ile Adalbert alikuwa akiuweka mkono ule juu ya goti kama kitu cha kuazima.

Anaclet akaandika kwamba amepona, akanywa, akapanda baiskeli, akaenda.

Hapo ndipo palipokuwa na upumbavu wote. Kwetu mgeni akikaa kitini hatupewi ruhusa ya kumtupia maradhi usoni. Anasalimiwa, anaburudishwa, anaambiwa ni vizuri. Akiaga, mwenyeji anamsindikiza hadi barabarani, na huko, wakitembea polepole, mtu anakohoa kidogo na kusema: sasa, ndugu yangu, kuna jambo. Ndipo utakaposikia nani anaumwa, nani amefukuzwa kazi, nani amekimbiwa na mke. Anaclet alinyonya desturi hiyo kwa mama yake. Ila siku hizi alikuwa na baiskeli, na mwenye baiskeli hasindikizwi. Basi alizunguka Kamalondo yote akikusanya salamu, akampelekea Munganga Mbio kama majibu. Na Munganga Mbio, aliyesoma mpaka macho yakahitaji vioo, aliona kwamba watu weusi wanapona vizuri mno.

Siku zilizofuata, Adalbert aliacha kula. Kisha akaanza kulala na magoti yamekunjwa. Kisha Virginie, akikoroga unga uani, alisikia harufu iliyotoka ndani. Haikuwa harufu ya munkoyo, na haikuwa ya mwanaume asiyeoga, hiyo aliizoea.

"Onyesha," alimwambia.

"Nini, yaya?" Adalbert aliuliza, akimwita dada mkubwa kama tangu utoto.

"Weye, usinichoshe. Onyesha kidonda."

"Nilisha kupona. Anaclet aliandika."

"Anaclet aliandika! Leta basi karatasi ya Anaclet nikupakae!"

Alivuta blanketi. Mshono ulikuwa umevimba, umekuwa mwekundu na unang'aa, na pembeni ulitoa usaha. Ngozi iliunguza mkono. Virginie alijua maana yake. Fundi mmoja wa karakana alianza hivyohivyo baada ya jeraha la chuma, na hakuuona mwezi uliofuata.

"Tunaenda hospitali."

"Hapana, yaya. Docteur atafikiri nini? Alinifanyia vizuri. Nitarudi kumwambia kazi yake ni mubaya?"

"Eyo, njo vile! Utamwambia!"

"Anaclet atakuya kesho. Tungojee."

Na kusema kweli, kutoka Kamalondo siku zile haikuwa jambo la kuamua tu. Risasi zilikuwa zimelia upande wa mjini, na kwenye tuneli ya relwe askari waliweka magogo na mapipa, wakimrudisha yeyote ambaye sura yake haikuwapendeza. Munganga Mbio, kwa werevu wake, alikuwa ametoa sharti kwamba aliyepasuliwa akipata shida arudi hospitali, na asiyerudi ahesabiwe amepona. Kamalondo nzima ilikuwa hairudi mahali popote wiki ile! Hata wafu wangehesabiwa wamepona.

Kesho yake Anaclet, ambaye karatasi ya hospitali ilimpitisha kwenye tuneli, alifika. Virginie hakuwa ametoa kiti; Adalbert alikitoa mwenyewe. Alikuwa amejivika shati akitetemeka, kifungo kimoja kimeingia tundu la mwenzake, na jasho linateremka shingoni.

"Muko bazima?"

"Niko muzima, munganga."

Virginie akasubiri. Alimwacha Anaclet anywe, aandike, aage. Kisha akatoka naye, na Anaclet alipoinua mguu kupanda baiskeli, Virginie alikishika kiti cha nyuma kwa mikono miwili.

"Mama Virginie, acha kinga yangu," alisema Anaclet akiing'ang'ania baiskeli.

"Nakusindikiza."

"Sina wakati. Kungali nyumba mingi."

"Nakusindikiza, Anaclet. Tembea."

Anaclet akavuta. Akavutwa nyuma. Watoto wa mtaa wakaanza kucheka. Mwape, msukuma mkokoteni aliyekuwa amekaa kivulini akingoja mzigo, aliacha kutafuna muwa ili asikie vizuri. Ikabidi Anaclet atembee, baiskeli mkononi, mwanamke nyuma yake kama askari na mfungwa.

"Sasa," alisema Virginie, "kuko neno. Adalbert anaoza."

"Ye mwenyewe anasema eko muzima."

"Na weye, mama yako alikuzala mu inchi gani? Haujue muntu anasema nini pa kiti?"

Anaclet alitazama pembeni. "Letidi inauliza mugonjwa. Haiulize dada yake."

"Basi letidi iko mupumbafu."

"Mama!"

"Eyo, mupumbafu. Na weye unaibeba. Haunusi? Pua yako nayo unaiwekea tai?"

Anaclet alikaza mwendo. Alikuwa amenusa. Mtu aliyefanya kazi wodini miaka mingi hawezi kukaa kwenye chumba kile asinuse, na Virginie aliona usoni mwake kwamba alinusa tangu mlangoni. Hiyo ilimchukiza kuliko ujinga. Mjinga unamfundisha.

"Sikia," Anaclet alisema kwa sauti ya chini. "Docteur anafunga hesabu sasa. Wote bamepona, wote kabisa. Ukimuleta Adalbert na kusema ni wa letidi, kila kitu itaharibika. Umulete, sawa. Lakini sema ni ugonjwa mupya."

"Kila kitu yenyewe njo jina yako."

"Mama Virginie, minakuombea."

Virginie aliachia baiskeli. "Enda. Kimbia mbele. Kama nafika na hauko pa mlango, nitaenda kwa mama yako mbele ya soko yote nimweleze alizala nini."

Anaclet alipanda, akakanyaga kweli kweli.

Mwape alishaleta mkokoteni bila kuitwa. Walimlaza Adalbert juu ya magunia, wakamfunika blanketi. Alilalamika njia nzima, si kwa maumivu bali kwa aibu: watu wanamwona, mfanyakazi wa relwe, anasukumwa kama kabichi.

"Yaya, bananiangalia."

"Bakuangalie. Siku ya maziko yako bangekuangalia zaidi."

Kwenye tuneli askari kijana aliinua bunduki, akauliza ni nani chini ya blanketi. Kabla Virginie hajafungua mdomo, Adalbert aliinua kichwa, macho mekundu, akatabasamu.

"Jambo, chef. Niko muzima."

Askari akakunja uso. "Eko muzima? Na kwa nini munamusukuma? Mwanaume muzima analala mu mkokoteni? Huyu anakimbia. Rudisheni!"

Virginie alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Miaka yote alimlisha, alimfulia, alimfukuzia wanawake wabaya na wawili wazuri kwa makosa, na sasa anakwenda kufa kwa adabu! Akalivuta blanketi lote, na shati, na kitambaa cha kidonda juu yake.

"Kuya, chef. Kuya karibu umuone huyu muzima."

Askari akaja. Akarudi nyuma upesi kuliko alivyokuja, akaweka kiganja puani, akaelekeza tuneli kwa mtutu. Mwape alisukuma.

Anaclet alikuwa mlangoni. Hilo alilifanya. Munganga Mbio naye alikuwapo, anatoka kwenda kwenye mlango mwingine, kwa kuwa yeye alikuwa daima anatoka. Aliwaona, akasimama kwa kisigino kimoja, akauliza kitu kwa Kifaransa. Virginie alieleza kwa Kiswahili, polepole, yote: ngiri, sindano, kurudi nyumbani, homa, usaha. Anaclet alitafsiri. Ilikuwa tafsiri fupi mno kwa habari ndefu namna ile, na mwisho wake Virginie alilisikia neno analolijua tangu kwa masista: merci, yaani asante.

Munganga Mbio alitabasamu, akainamisha kichwa, akageuka.

"Non," alisema Virginie.

Daktari akasimama.

"Non merci. Pas merci." Kifaransa chake kilikuwa kile cha kuombea sindano na uzi, lakini alikivuta chote alichokuwa nacho. "Mon frère. Votre opération. Pourri." Yaani ndugu yangu, operasio yako, imeoza. Akamwonyesha Adalbert kwa kidole, kisha akamwonyesha daktari, ili asidhani ni operasio ya mtu mwingine.

Daktari alimtazama Anaclet. Anaclet alitazama gurudumu la mkokoteni. Kisha Munganga Mbio aliinama, na kwa mara ya kwanza Virginie alimwona anafanya kitu kimoja kwa muda mrefu. Aligusa, akabonyeza, akainua kope la mgonjwa. Adalbert hakudai tena kwamba ni mzima. Nguvu za kudanganya zilikuwa zimemwishia. Daktari akapiga kelele, na safari hii watu wengine ndio waliokimbia.

Walimwingiza. Virginie alikaa kwenye ngazi, Mwape kando yake, mkokoteni mbele yao. Hakusali kwa maneno. Alimtukana Adalbert moyoni, tusi baada ya tusi, kwa mpangilio, tangu utoto wao, akiogopa kwamba akifika mwisho wa matusi atakuwa hana ndugu.

Jioni Anaclet alitoka. Tai ilikuwa imelegea.

"Bamefungua. Bametoa usaha mingi. Docteur anasema tumbo lenyewe halikuguswa, ataishi. Batamuchoma penisilini, atabakia hapa mpaka akauke."

Virginie akafuta uso kwa kitenge, haraka, kama anayefuta vumbi.

"Na mu letidi?"

"Docteur aliniuliza. Nilimwambia..." Anaclet alikohoa. "Tulisha kuandika jipu. Jipu ni ugonjwa ya kwake."

"Na ngiri?"

"Ngiri ilipona."

"Ngiri ilipona, na Adalbert njo alibakia mugonjwa?"

Anaclet alifikiri kweli, maskini. "Mu letidi, njo vile."

Virginie alimwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akarudi mpaka viatu. Akampita, akaingia wodini.

Adalbert alilala kwenye kitanda cha hospitali, kile chenye bei, mrija umetoka kando ya tumbo. Virginie alirudi kila siku tuneli ilipofunguliwa, na chakula kwenye sufuria, kwa maana kile cha hospitali alikionja mara moja akakiona ni cha kumaliza watu. Asubuhi moja homa ilikuwa imeshuka kabisa. Adalbert alifungua macho akamtazama muda mrefu.

"Yaya."

"Nini?"

"Inauma."

Virginie aliweka sufuria chini. "Wapi?"

"Hapa. Na mu mugongo. Inauma sana, yaya. Iliuma vile vile siku ya kwanza Anaclet alikuya. Iliuma siku zote." Na mwanaume mzima wa relwe akaanza kulia, mdomo wazi, bila kufunika uso.

"Sasa unaona ni wakati wa kunijulisha!" alisema Virginie. "Sasa, munkoyo yote ilisha kuharibika na bateja balikimbia. Lia basi. Lia muzuri, nisikie."

Kisha akasimama katikati ya wodi, akamwita mwuguzi kwa sauti iliyowaamsha hata wale waliokuwa wanajifanya wamelala, na hakukaa chini mpaka mtu alipokuja na sindano mkononi.